Sifuri iliyoandikwa na kisanduku kilichoachwa wazi

Kila wiki mhudumu wa kituo cha afya anatakiwa kujaza fomu moja fupi ya magonjwa yanayofuatiliwa: kipindupindu, surua, kupooza kwa ghafla, homa ya uti wa mgongo, kichaa cha mbwa na mengineyo. Wiki nyingi hakuna hata mgonjwa mmoja. Fomu bado inatakiwa ijazwe, kila kisanduku kiandikwe 0, kisha itumwe. Hiyo ndiyo ripoti ya sifuri. Kama ningeambiwa nipime uimara wa mfumo wa afya ya jamii kwa karatasi moja tu, popote pale, ningeomba karatasi hiyo.

Kisanduku chenye 0 kinasema kwamba mtu amepitia daftari la wagonjwa, ametafuta na hakuona. Kisanduku kitupu hakisemi chochote. Huenda ugonjwa haupo kweli. Huenda mhudumu yuko likizo, salio la simu limekwisha, au kuna watoto watatu wenye homa na vipele walioandikwa "malaria" kwa kuwa ndilo jina lililozoeleka. Sasa mtu wa ngazi ya juu akigeuza visanduku vitupu kuwa sifuri ili chati ikamilike, amefuta onyo pekee lililokuwapo, kwamba mahali fulani hakuna anayetazama.

Kuhakiki ripoti hizi hakuhitaji kompyuta. Msimamizi akifika kituoni achukue daftari la wagonjwa wa nje, arudi nyuma wiki nne, apitishe kidole kwenye safu ya dalili badala ya safu ya jina la ugonjwa, na ahesabu kila aliyekuja na homa pamoja na vipele. Kisha afungue nakala za fomu za wiki hizo hizo alinganishe. Daftari likionyesha watoto watano na fomu zikasema 0, asikimbilie kulaumu uvivu. Mara nyingi mhudumu alikuwa anasubiri awe na uhakika kwamba ni surua ndipo aripoti, na kosa hilo linatokana na mafunzo. Kinachoripotiwa ni mgonjwa anayeshukiwa. Uhakika ni kazi ya maabara. Maelezo ya dalili za kila ugonjwa yabandikwe ukutani, mbele ya macho ya anayeandika daftari. Yakifungiwa kabatini ndani ya kabrasha hayamsaidii mtu. Na kama daftari lenyewe halina safu ya dalili, lichorwe safu hiyo kwa rula siku hiyo hiyo.

Wanaofuatilia polio wamelijibu swali la sifuri vizuri kuliko wengine wote. Watoto hupooza ghafla kwa sababu nyingi zisizo polio, ukiwamo ugonjwa wa Guillain-Barré, na visa hivyo hutokea kila mahali, polio iwepo isiwepo. Kwa hiyo mfumo hautakiwi kusema tu "hatuna polio". Unatakiwa uonyeshe kwamba kila mwaka umepata angalau mtoto 1 aliyepooza kwa sababu nyingine katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 15. Eneo lenye watoto milioni moja likileta visa vya kupooza visivyofika 10 kwa mwaka, jibu si kwamba watoto wake wana bahati. Hawatafutwi.

Kila mtoto anayepatikana anahitaji sampuli mbili za kinyesi, zilizochukuliwa kwa kupishana saa 24 au zaidi, zote ndani ya siku 14 tangu alipoanza kupooza, zikasafirishwa kwenye ubaridi hadi maabara. Lengo ni kufanikisha hivyo kwa asilimia 80 ya visa. Mahali pa kukwama panajulikana: familia huanza kwa mganga wa tiba asili au fundi wa mifupa, wiki mbili zinapita, na mtoto anapofika kituoni virusi vimepungua au vinatoka kwa vipindi. Sampuli ya siku ya 20 inaweza kutoa jibu la "hakuna" ilhali polio ilikuwapo. Ndiyo maana orodha ya watu wa kupigiwa simu kila wiki lazima iwe na majina ya waganga hao, mafundi wa mifupa na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Wao ndio wa kwanza kumwona mtoto asiyeweza kusimama.

Kazi hiyo ya siku tulivu ndiyo inayotumika siku ya moto. Desemba 2013 mtoto mdogo alifariki katika kijiji cha Meliandou nchini Guinea. Ebola ilithibitishwa Machi 2014, na katika miezi hiyo ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Hadi mlipuko wa Afrika Magharibi ulipomalizika, waliougua walizidi 28,600 na waliofariki walizidi 11,300. Julai mwaka huo huo wa 2014 msafiri mgonjwa alitua Lagos, jiji lenye watu wengi kuliko miji mingi duniani. Nigeria ilikuwa na kituo cha dharura cha polio chenye watu waliozoea kutafuta nyumba kwa nyumba, kuchora ramani na kukutana kila siku. Walihamishiwa kwenye Ebola. Waliotangamana na wagonjwa, watu 894, waliorodheshwa na kufuatiliwa ana kwa ana kwa ziara zipatazo 18,500. Wagonjwa waliishia 20, wakafa 8, na Oktoba nchi ikatangazwa kuwa haina Ebola tena. Zile ziara hazikubuniwa Julai. Watu waliozifanya walikuwa wameajiriwa na kufundishwa miaka kabla, kwa ajili ya ugonjwa mwingine.

Tangu 2021 kuna kipimo rahisi cha kasi kiitwacho 7-1-7: siku 7 kutoka mgonjwa wa kwanza hadi kugundua, siku 1 kuripoti na kuanza uchunguzi, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo za kudhibiti. Nakipenda kwa sababu kinauliza tarehe. Baada ya kila mlipuko, hata mdogo, andika tarehe nne: ugonjwa ulianza lini, uligunduliwa lini, uliripotiwa lini, hatua za mwanzo zilikamilika lini. Palipo na pengo kubwa kuliko inavyoruhusiwa, taja sababu moja inayoshikika. "Uratibu hafifu" si sababu. "Sampuli ilikaa siku nne kwa kukosa nauli ya dereva" ni sababu, na ina dawa.

Mhudumu wa mlangoni

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye mwanzo wa mnyororo huu wote, na ndiye anayepangiwa kazi kwa hesabu mbovu kuliko mtu yeyote. Chukua mfano: mmoja amepewa kaya 400. Kwa mwendo wa miguu, akizungumza na watu kwa utulivu, anaweza kutembelea kaya 5 kwa siku. Siku 20 za kazi ni kaya 100 kwa mwezi, maana yake kila kaya itamwona mara moja katika miezi minne. Kuhara huweza kumuua mtoto ndani ya siku chache. Fanya hesabu hii kabla ya kugawa maeneo, na ongeza idadi ya wahudumu pale isipotosha, kwa sababu kuongeza fomu hakuongezi miguu.

Tazama kwa karibu jambo moja analofanya: kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Nguo inafunuliwa kifuani na tumboni, saa yenye sekunde inashikwa pembeni ya tumbo ili jicho lione vyote viwili, na pumzi zinahesabiwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, au wa miezi 12 hadi 59 akifikisha 40 au zaidi, hiyo ni pumzi ya haraka na nimonia inashukiwa. Njia ya mkato ni kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayepumua mara 42 atakuwa na pumzi 10 au 11 katika sekunde hizo. Ukikosa moja ukapata 9, umeandika 36, na mtoto mwenye nimonia amerudishwa nyumbani na neno la kutia moyo. Anayebonyea kifua anapovuta pumzi, anayeshindwa kunywa, anayetapika kila kitu au aliyepata degedege hasubiri hesabu yoyote. Anapelekwa kituoni mara moja.

Kwa kuhara kosa lipo kwenye chombo. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya lita 1 huchanganywa na maji safi ya lita 1 kamili. Mama akitumia chupa ya nusu lita, chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika. Akitumia ndoo, anampa maji yasiyo na nguvu. Kwa hiyo mhudumu asimalize kwa maneno. Aombe chombo cha nyumba hiyo, apime lita moja, achore mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, na mama achanganye mwenyewe akitazamwa. Pakiti nyingine ni za ujazo mdogo, hivyo maandishi yake yasomwe kwanza. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Siku ya tatu kuhara kunakoma na vidonge vinawekwa kando, na hapo ndipo dozi nyingi hukatikia. Ziara ya pili ipangwe siku hiyo ya tatu au ya nne.

Kuhusu malipo sina mengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza wahudumu hawa walipwe kulingana na ukubwa wa kazi, na unashauri malipo yao yasitegemee zaidi takwimu za utendaji. Shauri hilo la pili lina hekima kubwa. Ukimlipa mtu kwa idadi ya wagonjwa aliowapata, wagonjwa wataongezeka kwenye karatasi. Ukimlipa kwa kupungua kwao, watapungua kwenye karatasi.

Watoto wasio kwenye orodha

Chanjo ndiyo kinga inayosifiwa kuliko zote, lakini takwimu zake hudanganya kwa urahisi. Kituo kikiripoti kwamba kimefikia asilimia 112 ya watoto, usipige makofi. Idadi ya watoto iliyotumika kugawanyia ni ndogo kuliko halisi, au watoto wa maeneo jirani wanakuja hapo, au dozi zinahesabiwa mara mbili. Kuna kipimo kisichohitaji idadi ya watu kabisa: linganisha waliopata dozi ya kwanza ya pentavalenti, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, na waliopata ya tatu. Tuseme 480 walianza na 390 wakamaliza. Waliopotea ni 90, gawanya kwa 480, ni karibu asilimia 19. Ikizidi 10 kuna kitu kinawazuia watu kurudi, na sasa unajua pa kuuliza: siku za kliniki, umbali, lugha wanayopokelewa nayo, kadi zilizopotea.

Surua haisamehe pengo. Mgonjwa mmoja katikati ya watu wasio na kinga huweza kuambukiza 12 hadi 18, ndiyo maana asilimia 95 ya watu wanahitaji kuwa na kinga. Wastani wa wilaya unaweza kufika 95 huku kitongoji kimoja kikiwa na 60, na mlipuko utaanzia humo humo. Chora ramani ya vitongoji na upake rangi kimoja kimoja.

Kuna kikwazo kingine kidogo kinachofukuza watoto. Kichupa cha chanjo ya surua mara nyingi kina dozi 10, na kikishachanganywa lazima kimwagwe baada ya saa 6 au kliniki ikifungwa, lolote litakalotangulia, kwa kuwa hakina dawa ya kuzuia vijidudu. Wamekuja watoto wawili. Muuguzi anajua atahojiwa dozi 8 zilizomwagwa zimekwenda wapi, basi anawaambia mama zao warudi Alhamisi. Mmoja anarudi, mwingine amepanda basi mara mbili tayari na harudi. Kinga yake ni amri ya maandishi, yenye sahihi, kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na kiasi cha kumwagwa kiingizwe kwenye oda ya chanjo mapema. Dozi nane zina gharama, lakini haifikii gharama ya mlipuko mmoja.

Maji yanayosema uongo

Ugonjwa ukija kwa njia ya maji, klorini ndiyo silaha ya bei nafuu na ndiyo inayoharibiwa kwa kukadiria kwa macho. Kanuni ni hii: baada ya kuweka klorini na kusubiri dakika 30, maji yabakiwe na klorini huru ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kiasi cha kuweka kinategemea uchafu wa maji ya siku hiyo, kwa hiyo kipimwe upya maji yanapobadilika, hasa baada ya mvua.

Tengeneza kwanza mchanganyiko wa asilimia 1. Kwa unga wa HTH (dawa ya klorini ya kutibu maji) wenye klorini ya asilimia 65 hadi 70, gramu 15 katika lita 1 ya maji zinatosha. Chukua ndoo nne za plastiki za lita 20, kamwe zisiwe za chuma, zijaze maji yale yale. Kwa bomba la sindano weka mililita 1 ya mchanganyiko katika ya kwanza, 1.5 katika ya pili, 2 katika ya tatu, 5 katika ya nne. Koroga, subiri dakika 30, pima kila moja. Ukikuta ndoo ya mililita 2 ndiyo yenye 0.4, basi tangi la lita 2,000 linahitaji mililita 200. Maji ya tope yaachwe yatuame au yachujwe kwanza. Klorini hutumika kwenye uchafu ikaisha kabla haijafikia vijidudu. Mchanganyiko wa asilimia 1 hupoteza nguvu ukikaa, hasa juani, hivyo utengenezwe kila siku, na unga ufungwe vizuri penye ukavu na kivuli.

Kipimo chenyewe ni kidonge cha DPD namba 1: kikiyeyuka kwenye maji yenye klorini, maji hugeuka rangi ya waridi, na ukolevu wa rangi hulinganishwa na kadi. Sasa angalia mtego. Klorini ikizidi sana, huunguza ile rangi, na maji yanabaki meupe kama yasiyo na klorini kabisa. Fundi anasoma 0, anaongeza dawa, anasoma 0 tena. Huku watu wanalalamika harufu na kurudi kwenye kisima kisichotibiwa. Ukipata 0 mahali ambapo umeweka dawa nyingi, changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, pima tena, zidisha kwa kumi.

Na kipimo kichukuliwe pia kwenye chombo cha maji ya kunywa nyumbani, saa kadhaa baada ya kuchotwa. Bombani kuna 0.5 na kwenye mtungi hakuna kitu: chombo ni kichafu, au kikombe kinachochovywa humo kimeshikwa na mikono mingi. Chombo chenye mfuniko na koki kinamaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Fedha

Majengo na magari hupata fedha kwa sababu yanapigwa picha siku ya kukabidhiwa. Kinachoua kinga ni kukosa fedha za matumizi ya kila mwezi: vidonge vya DPD, mafuta ya pikipiki, salio la simu, posho ya msimamizi, betri ya jokofu la chanjo, vitendanishi vya maabara ambavyo muda wake huisha. Kila kimoja kiwe na mstari wake kwenye bajeti. Vikifichwa ndani ya "gharama za uendeshaji", mwezi wa mapato haba vitakuwa vya kwanza kukatwa, na hakuna atakayeona kilichokatwa. Kwa kila kifaa kinachonunuliwa, andika kwenye ukurasa huo huo matengenezo yake ya miaka mitano na nani atayalipa. Asipopatikana mlipaji, kifaa kisubiri.

Fedha za dharura zinahitaji utaratibu uliokubaliwa kabla ya dharura: kiasi, nani anatia sahihi, nani anatia sahihi asipokuwapo wa kwanza, ndani ya saa ngapi, kwa tukio gani hasa, kwa mfano mgonjwa mmoja wa kipindupindu aliyethibitishwa au watoto watatu wenye dalili za surua katika kitongoji kimoja ndani ya mwezi. Halafu ujaribiwe mara moja kwa mwaka, bila taarifa, jioni ya Ijumaa. Pigeni simu, ombeni kiasi kidogo cha kukodi gari la kusafirisha sampuli, na andikeni saa fedha ilipofika mkononi mwa dereva.